Kabla hujajazwa mashavu, uliza dawa ya kuyeyusha

Kila anayehamia Dodoma kutoka Pwani ana malalamiko yaleyale. Midomo inapasuka, visigino vinachanika, na mafuta aliyozoea kupaka Magomeni hapa yanakauka kabla hajafunga kopo. Mji uko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ikishakatika mwezi wa nne unaisubiri hadi Desemba, na katikati hapo kuna upepo wa Julai na Agosti unaopita na vumbi lake bila kumtaka mtu radhi. Serikali ilipohamia huku ilisafirisha mafaili, magari na viti. Ngozi kila mtumishi alijihamishia mwenyewe.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na msafara huo. Ofisi yake iko Mtumba, amepanga Kisasa, na siku hizi salamu yake ni moja tu: "Wifi, Dodoma imenizeesha." Jumapili moja alitoka kanisani akaja moja kwa moja kwangu, hata chai hakugusa, akanionyesha simu. Kulikuwa na picha za mwanamke mmoja kabla na baada, na chini yake ofa: kujaza mashavu, kujaza midomo, kuondoa mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo. Mtoa huduma, aliyejiita daktari wa urembo, angepanda treni ya SGR kutoka Dar, apange apatimenti Ilazo kwa siku mbili wakati wa Bunge, ahudumie waliolipa nusu ya pesa mapema, kisha arudi zake. Wifi alikuwa ameshatuma nusu yake. Hakuja kuniomba ruhusa. Alikuja kwa sababu mimi ni nesi na anaogopa sindano, alitaka nimsindikize nimshike mkono.

Nilijua anategemea nimcheke. Ndiyo desturi yetu. Mwanamke akitaja sindano za urembo, upande mmoja wanamwambia amekosa kazi ya kufanya, upande wa pili wanamwambia Mungu hakukosea kumuumba. Kisha hao hao wanaosema hivyo wanamuuliza kwenye kitchen party mbona amechoka hivyo, mume hamtunzi? Sikumcheka. Nina sababu zangu, nitazieleza, lakini kwanza tuangalie kilichomo ndani ya bomba la sindano, maana wengi wanalipia kitu wasichokijua.

Kinachochomwa kujaza uso kinaitwa fila, na fila si dawa moja. Nyingi siku hizi ni jeli ya asidi ya hayaluroniki. Jina linatisha, lakini kitu chenyewe unacho mwilini sasa hivi unaposoma: kwenye ngozi, kwenye maungio, ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe. Kazi yake kubwa ni kushika maji. Ile ya asili mwili unaivunja na kuitengeneza upya kila siku, kwa hiyo ungechomwa ikiwa ghafi ingeisha ndani ya siku chache. Viwandani wanazifunga nyuzi zake pamoja kwa kemikali hadi inakuwa jeli inayokaa miezi sita, mwaka, au mwaka na nusu, kutegemea aina yake na sehemu ilipowekwa. Kwenye midomo huisha mapema kwa sababu midomo haitulii. Bomba moja kwa kawaida lina mililita 1. Jaza maji kijiko cha chai, yagawe mara tano, fungu moja ndilo hilo ulilolipia.

Zipo na nyingine. Ipo ya madini ya kalsiamu, yaleyale yanayojenga mfupa. Ipo ya asidi ya polilaktiki, ambayo yenyewe haijazi sana bali inauchokoza mwili utengeneze kolajeni yake polepole kwa miezi. Ipo ya punje za plastiki ambayo haiondoki. Na kuna silikoni ya maji, ambayo Marekani haijawahi kuidhinisha kuchomwa mtu kwa ajili ya urembo, lakini inaendelea kuchomwa duniani kwa sababu ni rahisi. Watu wanachanganya haya yote na Botox. Botox ni habari nyingine: inalegeza msuli unaokunja ngozi, hasa pajini na pembeni mwa macho, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au minne. Haijazi chochote.

Hamu ya kujaza uso ni ya zamani kuliko dawa zake. Mwaka 1899 daktari wa Vienna aliyeitwa Robert Gersuny alianza kuwachoma watu parafini, na haukupita muda wanawake matajiri wa Ulaya wakaanza kujaziwa makunyanzi kwa nta. Mmoja wao, Gladys Deacon, Mmarekani aliyekuja kuolewa na Duke wa Marlborough, alitaka pua iliyonyooka kama ya sanamu za Kigiriki. Nta ikateremka kidevuni. Kolajeni ya ng'ombe iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na jeli ya hayaluroniki mwaka 2003. Katikati hapo walijaribu mengi ambayo sitaki kuyaandika watu wakiwa wanakula.

Sasa sababu yangu.

Nchi yetu ilianza mpango wa taifa wa kugawa ARV mwaka 2004. Mimi nilikuwa CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kumpa mgonjwa zaidi ya maneno. Watu waliokuja wamebebwa kwenye baiskeli walirudi baada ya miezi wakitembea. Kidonge kilichokuwa kinatumika sana kilikuwa na stavudini ndani yake. Kilikuwa rahisi kwa bei, kilifanya kazi, na kiliokoa maisha mengi. Ila kwa wengine, baada ya muda, kilikula mafuta ya mwilini, na mahali pa kwanza kuonekana ni usoni. Mashavu yaliingia ndani, mashimo yakatokea kwenye panda za uso, mistari kutoka puani ikawa mirefu na mikali. Mikono ikakonda na mishipa ikatoka. Virusi vimeshuka, mgonjwa ana nguvu ya kulima, lakini uso unasema anakufa.

Na watu walijua kuusoma uso huo. Kwenye foleni ya dirisha la dawa, kwenye daladala, gengeni. Kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa karanga, ambaye alifunga mtandio hadi chini ya macho hata jua la saa nane. Nikimwita ndani anaufungua polepole, ananitazama kuona kama nitakwepa macho. Siku moja aliniambia, "Nesi, nilipokuwa naumwa hakuna aliyejua. Sasa nimepona ndiyo wanajua wote." Alitaka kuacha dawa. Hakuwa na madhara mengine hata moja, ni mashavu tu. Nilitumia saa nzima kumbembeleza amalizie mwezi, na foleni nje inanung'unika. Aliendelea. Wapo ambao hawakuendelea.

Mwaka huohuo wa 2004 tulipoanza kugawa vidonge, Marekani iliidhinisha ile fila ya asidi ya polilaktiki, na haikuidhinishwa kwa ajili ya wacheza filamu. Iliidhinishwa kwanza kwa wagonjwa wa VVU walioingia mashavu. Nilikuja kulisoma hilo miaka mingi baadaye, nikakaa kimya na kompyuta mbele yangu. Kumbe kule mtu mwenye uso kama wa yule mama aliweza kwenda kliniki akarudishiwa mashavu, na serikali yao ikayaita matibabu. Huku tulichopata ni kubadilishiwa vidonge. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 stavudini iondolewe taratibu, tenofovia ikachukua nafasi yake, na mafuta ya uso kwa baadhi ya watu yakarudi kidogokidogo, kwa wengine hayakurudi kabisa. Siku hizi wagonjwa wangu wanalalamikia kunenepa. Namshukuru Mungu kwa malalamiko hayo.

Ndiyo maana mtu akiniambia kujaza uso ni anasa, simjibu haraka. Uso ndio cheti tunachotembea nacho. Na watu wa huku hawakuwahi kuuacha kama ulivyokuja: wazee wa Kigogo bado wapo wenye alama ya mduara katikati ya paji la uso, na wengine wenye matundu makubwa ya masikio yaliyonyooshwa tangu ujanani. Tofauti yao na wifi yangu ni kwamba wao hawakufanya kwa kujificha. Kila mtu alijua nani amefanya, kwa nini, na fundi wake ni nani, na fundi aliyeharibu alijulikana kijiji kizima. Leo mwanamke anafanya kwa siri, analipa kwa simu kwa mtu asiyemjua sura, na akiharibikiwa anafunika kwa barakoa. Siri hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko jeli yenyewe.

Basi nilimwambia wifi ampigie huyo mtaalamu, aweke sauti ya nje. Sikutaka kumshushua mtu. Niliuliza maswali ambayo ningemuuliza yeyote anayetaka kumchoma ndugu yangu. Fila gani? "Ya Korea, orijino kabisa." Inaitwaje, na boksi tutafunguliwa mbele yetu? Angetuma picha. Yeye ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Alisema amesoma kozi nje ya nchi na ana cheti. Jeli ikiingia kwenye mshipa, ana dawa ya kuyeyusha? Hapo alicheka kidogo, si kwa dharau, akasema: "Dada yangu, usiwe na hofu. Mimi nina mkono mwepesi."

Mkono mwepesi ni sifa nzuri ya msusi.

Tatizo la uso ni kwamba mishipa yake ya damu imeungana kama vichochoro vya Majengo: unaingia huku unatokea kule. Mshipa unaopita kando ya pua na ule wa katikati ya nyusi una njia hadi nyuma ya jicho. Jeli ikiingia ndani ya ateri kwa bahati mbaya, ngozi iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo inakosa damu. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, ngozi inapauka, halafu inatokea madoa ya zambarau kama wavu, na isipotibiwa inakufa na kuacha kidonda cheusi. Kwenye ngozi zetu kupauka huko hakuonekani vizuri, kwa hiyo anayejua kazi hubonyeza kwa kidole na kuangalia damu inachukua muda gani kurudi. Ikisukumwa hadi kwenye mshipa wa jicho, mtu anaweza kupofuka palepale kitini, na upofu huo mara nyingi haurudi nyuma. Ni nadra, nisitie watu hofu isiyo na kipimo. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliona inafaa kutoa tahadhari rasmi juu yake mwaka 2015, na huko anayechoma anatakiwa awe mtaalamu wa afya mwenye leseni.

Uzuri wa jeli ya hayaluroniki ni kwamba ina kimeng'enya kinachoiyeyusha, kinaitwa hayaluronidesi. Kikichomwa mapema na kwa kiasi cha kutosha, mshipa unaweza kufunguka na ngozi ikapona. Kinafaa pia mtu akijazwa vibaya, midomo ikawa kama imeumwa na nyuki, au uvimbe ukakaa chini ya jicho. Hakifanyi kazi kwenye fila ya kalsiamu, wala ya polilaktiki, wala plastiki, wala silikoni. Kwa hiyo anayekuchoma bila kukijua ni kama hajui ameshika nini, na anayekijua lakini hana chupa yake chumbani anakuwekea rehani uso wako. Hapo sina subira. Unaweza kunibishia mengine yote ya makala hii.

Na wale wenye kalamu za kusukuma jeli kwa hewa bila sindano, zinazouzwa mtandaoni kwamba hazina madhara kwa kuwa hazina ncha: FDA ilizitolea onyo mwaka 2021. Zinaweza kurusha jeli mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Uingereza nako, mwaka huohuo, ilipiga marufuku kwa England kumchoma fila ya urembo aliye chini ya miaka 18. Nawaambia hili akina mama wenye mabinti wa chuo, maana ofa zinawafikia wao kabla yenu.

Pesa ya nusu haikurudi, na wifi alininunia kama wiki mbili hivi. Kisha akapanga safari yake mwenyewe, akaenda kwa daktari bingwa wa ngozi Dar. Alikuja kunisimulia kwa mshangao kwamba dakika nyingi ziliisha kwenye maswali: anatumia dawa gani, aspirini je, ana mimba, ananyonyesha, amewahi kutokwa na malengelenge ya midomo, kovu lake la chanjo lilivimba au lilikaa sawa. Daktari akamwambia kwamba kilichomzeesha zaidi ni madoa meusi ya mashavuni, si mikunjo. Alihisi ni mabaki ya mkorogo wa zamani pamoja na jua. Kuhusu mikunjo, ngozi nyeusi hulindwa kiasi na rangi yake, kwa hiyo kinachoonekana kwetu tukikaribia hamsini mara nyingi ni kupungua kwa ujazo: mafuta ya uso yanapungua na kushuka, mfupa wa taya na wa chini ya jicho nao unasinyaa kidogo. Hapo ndipo fila husaidia. Madoa fila haiyagusi, na kila tundu la sindano linaweza kuacha doa lake.

Akaambiwa aanze na krimu ya jua na kofia. Alinipigia simu akiwa amekasirika: amepanda treni hadi Dar kuambiwa avae kofia! Nilicheka sana. Tunadhani krimu ya jua ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino tu, wakati pale hospitali ya KCMC Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ilianza kutengenezwa krimu ya jua hapahapa nchini kwa ajili ya ndugu hao. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi halibagui, mweusi tii naye linamwachia madoa.

Miezi baadaye alirudi kwa daktari huyohuyo, akajaziwa kidogo mashavuni, akawekwa kiti cha pembeni aangaliwe kabla ya kuondoka. Alivimba siku kadhaa na upande mmoja ukawa na alama ya bluu. Ofisini alivaa barakoa akasema ana mafua. Nimemtazama kwa karibu, mchana, pale barazani kwangu, nikitafuta kosa kama tunavyotafuta kasoro kwenye gauni la fundi. Sikuliona. Anaonekana kama aliyelala vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake hayajawahi kupitwa na jambo, alisema tu kwamba ameanza kula.

Sasa nije kwa wenzangu wa kazi, maana wateja wa Ilazo wataendelea kuwepo tupende tusipende. Akija mtu usiku ana maumivu makali ya uso, ngozi ina madoa ya wavu, au anasema haoni, na anasita kueleza, msimuulize nani alimtuma. Muulizeni amechomwa nini, lini, wapi, na boksi liko wapi. Kama ni macho, saa haziruhusu porojo, mpelekeni kwa daktari wa macho hapohapo. Msimpe antibiotiki mkamwambia arudi Jumatatu. Na wewe uliyechomwa, ukiona dalili hizo usilale nazo ukisubiri kupambazuke, usimsikilize anayekuambia ni uvimbe wa kawaida, na usitupe hilo boksi hata kama limeandikwa lugha usiyoisoma.

Nimeshauliza maduka kadhaa ya dawa hapa mjini kama wanayo hayaluronidesi. Wengine waliniomba nirudie jina. Ningependa wafamasia wa hospitali zetu kubwa za Dodoma waiweke dawa hiyo kwenye oda zao kabla Bunge la bajeti halijaanza, na awepo mtu wa zamu anayejua kiasi cha kuchoma. Atakayeona hilo ni anasa, aje tukae naye CTC asubuhi moja nimsimulie habari za yule mama wa karanga.